Kwa Nini Kombi Huzimika Likisimama

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wasomaji wa gazeti letu bila shaka wanalikumbuka Kombi la rangi nyeupe na buluu ambalo huja hapa shuleni siku za kufunga na kufungua, likiwa limejaa wanafunzi ndani na masanduku juu. Ni la baba yangu mdogo. Liliundwa katika miaka ya 1970, yaani limenizidi umri kwa miaka mingi sana, na kwa sababu hiyo nyumbani hulitaja kwa adabu. Hata hivyo mwaka jana lilishika tabia moja mbaya iliyomtia baba mdogo katika hasara, na nusura ituletee msiba. Asubuhi likiwa baridi lilinguruma vizuri. Barabarani lilikwenda vizuri. Lakini likisha kupata moto, mara dereva alipoinua mguu kutoka kwenye mafuta, injini ilitetemeka, ikakohoa mara mbili tatu, kisha kimya.

Mhariri ameniomba nieleze jinsi kasoro ile ilivyotafutwa hata ikapatikana. Nakubali kwa furaha, kwa kuwa niliyoyaona wakati ule wa likizo ni yale yale tunayofundishwa katika chumba cha fizikia, ila sikujua kama yanaishi pia chini ya kifuniko cha injini.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya neno. Injini inaponguruma polepole, gari likiwa limesimama na mguu wa dereva haupo kwenye mafuta, mafundi wetu husema iko "sailensi". Neno hili limetoka katika Kiingereza na maana yake ni kimya, ingawa injini hiyo haiko kimya hata kidogo. Injini ya Kombi ya lita 1.6 ikiwa katika sailensi yapasa kuzunguka karibu mara 850 kwa dakika. Ina silinda nne, na kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili. Basi hesabu mwenyewe, utaona kwamba cheche 28 hivi hupigwa kila sekunde. Cheche chache tu kati ya hizo zikikosa kuwasha, injini hutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Zikizidi kukosa, huzimika.

Pengine msomaji atauliza kuna ubaya gani gari likizimika, maana si huwashwa tena? Mimi nami nilifikiri hivyo mpaka siku moja ya Septemba. Tulikuwa tukitoka sokoni tukiwa watu saba pamoja na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, na mapipa mawili ya asali nyuma. Tulipokaribia tambuka-reli baba mdogo akapunguza mwendo kama sheria inavyotaka, akatazama kushoto na kulia, akaingia. Magurudumu ya mbele yalipopanda reli ya kwanza akainua mguu, na injini ikazima. Akajaribu kuiwasha mara tatu, nayo ikakataa mara tatu. Hakuna aliyeambiwa ashuke. Wote tulishuka wenyewe na kusukuma. Tulikuwa tumekwisha kuvuka na kufika mbali kidogo tuliposikia honi ya treni ya mizigo. Sisemi kwamba tuliponea chupuchupu, kwa kuwa treni ilikuwa bado haijaonekana. Nasema tu kwamba yule mama hakupanda tena. Alishika njia kwa miguu, na baba mdogo akamrudishia nauli yake bila kuombwa.

Tena liko jambo jingine ambalo abiria hawalijui. Kombi hili lina haidrovaki, yaani chombo kinachoongeza nguvu ya mguu wa dereva anapokanyaga breki. Haidrovaki hufanya kazi kwa ombwe linalovutwa na injini yenyewe. Injini ikizimika gari likiwa mwendoni, ombwe lililobaki latosha kukanyaga mara moja au mbili tu. Baada ya hapo pedali huwa ngumu kama jiwe. Breki zipo, lakini zataka mguu wa mtu mwenye nguvu, tena aliyejiandaa. Dereva asiyejua jambo hili hudhani kwamba breki zimekatika, naye huacha kukanyaga wakati ule ule ambapo angepaswa kukanyaga zaidi.

Kesho yake gari lilipelekwa kwa fundi mmoja hapa mjini, ambaye sitamtaja. Fundi huyo alisikiliza kidogo, akachukua bisibisi, akakaza skrubu inayozuia mkono wa ekseleta, na sailensi ikapanda. Kazi ilikwisha kwa dakika tano na baba mdogo alifurahi. Furaha hiyo haikudumu hata juma moja. Sasa injini ilinguruma kwa kelele hata gari likiwa limesimama. Gia ya kwanza iliingia kwa mlio wa kusaga. Kwenye mteremko gari lilitaka kukimbia lenyewe. Petroli ilikwisha upesi kuliko zamani. Kioja kikubwa kilikuwa jioni: baba mdogo alizima swichi, akatoa ufunguo, akashuka, na injini ikaendelea kutikisika na kukohoa kwa sekunde kadhaa, kana kwamba kuna mtu ndani anayekataa kulala. Watoto wa jirani walikuja kila jioni kutazama.

Alipolirudisha, fundi yule yule alisema kwamba kabureta imekufa na yapasa kununua mpya. Bei aliyoitaja ilikuwa fedha yote ambayo baba mdogo alikuwa ameiweka akiba kwa mabati ya nyumba.

Hapo ndipo tulipokwenda kumwona mzee mmoja, jirani wa bibi yangu, aliyefanya kazi ya ufundi kwa miaka mingi na sasa amestaafu. Baba mdogo alimwamkia "Mwangaluka, baba," akamweleza habari zote. Mzee hakugusa bisibisi. Aliketi kwenye kigoda nyuma ya Kombi, maana injini ya gari hili iko nyuma, akauliza maswali matatu. Je, linazimika likiwa baridi au likiwa na moto? Je, linazimika ghafula kama taa iliyozimwa, au hupanda na kushuka kwanza? Je, ukikanyaga mafuta kidogo tu, linakaa? Tukamjibu: likiwa na moto, hupanda na kushuka kwanza, ndiyo, ukikanyaga hukaa. Akasema, "Basi kabureta msinunue leo. Leo tutatafuta."

Ili msomaji aone kwa nini maswali hayo matatu yalikuwa na maana, hapana budi nieleze kidogo habari ya kabureta.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa. Kwa uzito, petroli sehemu moja hutaka hewa sehemu 15 hivi ili kuwaka vizuri. Hewa inayovutwa na injini hupita katika koo jembamba la kabureta, na hapo huenda mbio. Tumejifunza kwamba hewa iendayo mbio hupungukiwa na kanieneo. Kwa hiyo petroli hunyonywa kutoka katika jeti kubwa na kutawanyika kama ukungu. Chini ya koo hilo kuna kibamba cha duara kinachogeuka, ambacho mimi nitakiita kipepeo. Kipepeo kimefungwa na waya mpaka kwenye pedali ya mafuta. Ukikanyaga, hufunguka, ukiinua mguu, hujifunga karibu kabisa.

Sasa angalia litokealo kipepeo kikijifunga. Hewa inayopita kooni huwa kidogo mno, haina mbio tena, na jeti kubwa haitoi kitu. Kama ingekuwa hiyo peke yake, kila gari lingezimika kwenye kila kituo. Ndiyo maana waundaji waliweka jeti ndogo ya pili, yenye njia yake ya pembeni, na tundu la njia hiyo hutokea chini ya kipepeo. Huko chini bastola zinavuta na mlango umefungwa, kwa hiyo ombwe ni kali kuliko wakati mwingine wowote. Hulo ombwe ndilo linalonyonya petroli ya sailensi. Kwa ufupi, gari moja lina njia mbili za chakula: moja ya safari, moja ya kupumzika. Likienda vizuri barabarani na kufa likisimama, njia ya safari ni nzima. Ubaya umo katika njia ya kupumzika, au katika kitu kinachoiharibia kazi yake.

Vitu vya namna hiyo si vingi. Jeti ndogo yaweza kuziba. Katika kabureta ya Solex iliyo kwenye Kombi hili, jeti hiyo pia ina solenoidi, yaani sumaku ya umeme inayofungua njia unapowasha swichi na kuifunga unapozima. Waya wake ukichomoka, gari halitakaa sailensi hata ulibembeleze namna gani, lakini ukikanyaga mafuta litakwenda kama kawaida. Kuipima ni rahisi mno: washa swichi bila kuwasha injini, chomoa waya huo na kuurudisha, na usikilize. Yapasa isikike "tik". Mzee alinipa kazi hiyo na tik ikasikika. Kisha akaifungua jeti yenyewe, akaielekeza kwenye jua, akaniambia nichungulie. Mwanga ulipita. Alinionya nisiizibue jeti kwa waya wala sindano siku yoyote, kwa kuwa tundu lake hupanuka na halirudi tena. Dawa yake ni kupuliza kwa hewa ya pampu.

Kitu cha pili ni hewa ya wizi. Mfikirie mtu anayenyonya pombe ya kienyeji kwa mrija uliotoboka katikati. Akivuta kwa nguvu nyingi na tundu ni dogo, atapata pombe na hewa kidogo. Akivuta polepole atapata hewa tupu. Ndivyo ilivyo kwa injini. Ikiwa kuna ufa mahali fulani kati ya kabureta na silinda, hewa isiyopimwa huingia hapo. Gari likiwa mbioni injini inakula hewa nyingi, na ile ya wizi ni sehemu ndogo isiyoonekana. Katika sailensi injini inakula hewa kidogo tu, na wakati huo huo ombwe ni kali, basi hewa ya wizi huwa sehemu kubwa ya chakula chote. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, cheche zinakosa cha kuwasha, resi zinapanda na kushuka, injini inazima.

Na kwa nini asubuhi ilikaa? Kwa sababu ya choki. Kombi hili lina choki inayojiendesha yenyewe: kuna springi ya metali mbili iliyokunjwa kama ulimi wa kinyonga, inayopata moto wa umeme na kujifungua polepole. Injini ikiwa baridi choki huzuia hewa ya juu na kuifanya petroli izidi, na petroli hiyo ya ziada huficha wizi wa hewa. Baada ya dakika chache choki hufunguka, na wizi hujulikana. Mzee alipouliza "baridi au moto" alikuwa anauliza habari ya choki, ijapokuwa mimi sikujua.

Lakini hakukimbilia hewa. Alisema kwamba nusu ya kabureta zinazotupwa si mbovu, ubaya ulikuwa kwenye umeme, na tukaanza na umeme. Tulifungua pointi za distribyuta na kupima nafasi yake kwa fila geji: yapasa kuwa milimita 0.4, nayo ilikuwa pungufu kidogo, tukaiweka sawa. Taimingi tuliipima kwa taa ndogo ya volti 12. Tarakimu zake hutofautiana kwa aina ya distribyuta, kwa hiyo anayetaka kuipima kwenye gari lake atazame kitabu cha gari hilo hilo. Tapeti tulizipima kesho yake alfajiri injini ikiwa baridi kabisa, kwa milimita 0.15. Zote zilikuwa salama. Kazi hizi hazina furaha, tena vidole huchubuka, nami sitazieleza zaidi. Faida yake ni kwamba baada yake mtu hawezi tena kusingizia umeme.

Kisha tukatoa plagi nne, tukazipanga juu ya gazeti kwa utaratibu wake, na hapo mimi nilianza kuona utamu wa kazi hii. Plagi ya silinda ya kwanza na ya pili zilikuwa nyeusi kwa masizi makavu. Ya tatu na ya nne zilikuwa nyeupe kama zimepakwa chokaa. Plagi nyeusi maana yake petroli imezidi. Nyeupe maana yake imepungua. Yawezekanaje kabureta moja ilishe silinda mbili kupita kiasi na kuzinyima mbili? Mzee hakunijibu. Aliniambia nitazame injini.

Injini ya Kombi imelala kifudifudi, silinda mbili upande wa kulia na mbili upande wa kushoto. Ya kwanza na ya pili ni za kulia. Ya tatu na ya nne ni za kushoto. Kabureta iko katikati, na bomba la manifodi hutoka hapo kwenda pande zote mbili. Basi ikiwa wagonjwa wote wako upande mmoja, ugonjwa hauko kwa baba yao aliye katikati. Uko njiani, upande huo huo.

Tukaongeza ushahidi mwingine. Injini ikinguruma, mzee alichomoa waya wa plagi mmoja mmoja na kuurudisha, akitumia koleo lenye mpira mkavu, bila kukawia, kwa kuwa koili huumia cheche ikikosa pa kwenda. Na mtu naye huumia. Alipochomoa wa kwanza injini ilianguka sana. Wa pili vile vile. Wa tatu, injini haikujali. Wa nne, ilijali kidogo tu. Silinda ambayo ukiinyima moto hakuna tofauti ni silinda ambayo haikuwa ikifanya kazi.

Sasa, bomba la manifodi katika injini hii halikuungana moja kwa moja na vichwa vya silinda. Kila upande kuna kipande kifupi cha mpira mnene, mfano wa soksi, kinachounganisha bomba la katikati na kile kipande cha alumini chenye midomo miwili, nacho kimefungwa kwa klipu mbili. Mipira hiyo hukaa juu ya injini isiyo na maji, inayopozwa kwa hewa peke yake, na katika nchi yetu yenye jua la Septemba na Oktoba huiva kama maandazi. Kwa macho mpira wa kushoto ulikuwa mzima. Mzee akachovya brashi katika oili nzito, akaupaka polepole kuuzunguka, injini ikiwa katika sailensi yake ya kutetemeka. Alipofika upande wa chini, chini ya klipu, mahali ambapo jicho halifiki, injini ikatulia, resi zikapanda zenyewe, na moshi mwepesi wa buluu ukatoka kwenye ekzosi. Oili ilikuwa imeziba ufa kwa muda na nyingine imenyonywa ndani. Baada ya nusu dakika hivi ikaanza kutetemeka tena.

Baba mdogo, aliyekuwa amesimama muda wote mikono nyuma, aliketi chini.

Wako watu wanaotafuta ufa kwa kunyunyiza petroli badala ya kupaka oili. Njia hiyo ni ya upesi, na pia ni ya upesi katika kuteketeza gari. Nataka niseme hapa jambo la moto, maana makombi mengi ya zamani hayakufa kwa uzee, yaliungua. Injini iko nyuma, dereva haioni. Mipira ya petroli ikikauka na kupasuka, petroli hudondoka juu ya chuma cha moto, na mwili wa injini yenyewe ni wa mchanganyiko wa magnesi, metali tunayoichoma katika maabara kwa koleo na kufumba macho kwa ukali wa mwanga wake. Ikishika moto, maji hayasaidii. Kabla ya kupima sailensi, pima mipira ya petroli kwa vidole. Ikiwa migumu na ina nyufa, ibadili siku hiyo hiyo. Tena usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua mtu akidhani anasinzia. Gia iwe huru, handbreki ivutwe, magogo yawekwe kwenye magurudumu, na mikono ya shati ikunjwe mbali na mkanda wa feni.

Mpira mpya ulipatikana kwa bei ya soda chache. Tulibadili yote miwili, maana wa kulia nao ni wa umri ule ule.

Ilibaki kuondoa uharibifu wa bisibisi ya fundi wa kwanza. Katika kabureta hii skrubu ya kuzuia mkono wa ekseleta si ya kurekebishia sailensi, ijapokuwa ndiyo iliyo rahisi kuifikia. Ukiikaza, unakifungua kipepeo kupita midomo ya njia ya kupumzika, na injini huanza kula kwa njia ya safari ikiwa imesimama. Ndiyo sababu ilikataa kuzimika jioni: solenoidi ilifunga njia yake kwa utii, lakini mlango mkubwa ulikuwa wazi, na masizi yenye moto ndani ya silinda yakaendelea kuwasha bila cheche. Mzee aliilegeza skrubu hiyo mpaka ikaachana na kiguu chake, akaikaza mpaka ikagusa tu, kisha akaongeza robo mzunguko.

Zipo skrubu nyingine mbili ubavuni mwa kabureta, kubwa na ndogo. Kubwa ni ya hewa ya pembeni, na hiyo ndiyo ya kupandisha na kushusha resi. Ndogo ni ya kiasi cha mchanganyiko. Injini ikiwa na moto na choki imefunguka kabisa, tulikaza ndogo pole pole mpaka mwisho bila kuilazimisha, tukailegeza mizunguko miwili na nusu. Tulitumia kubwa kuweka resi 850 kwa mita tuliyoazima. Kisha ndogo tena, kuilegeza kidogo kidogo mpaka injini iende mbio kuliko yote, na kuirudisha ndani mpaka resi zianguke 20 au 30. Mwisho kubwa, kurudi kwenye 850. Katika Tabora ndogo hutaka kuingia ndani zaidi kidogo kuliko Dar es Salaam. Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika nane; gari lililorekebishwa pwani likija huku bila kuguswa, hunywa petroli kupita kiasi na kutoa masizi.

Mtihani wa gari ulifanyika Jumamosi. Tulikwenda Kwihara, wanachama kumi wa chama cha historia, kuitazama tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872 kabla ya safari yake ya mwisho. Njiani tulipita miembe mikubwa ambayo wazee husema ni ya wakati wa misafara, na mwenzetu mmoja akatukumbusha kwamba Burton na Speke walitoka Unguja mwezi Juni 1857 wakafika hapa Novemba. Walikaa majuma kadhaa. Stanley naye alifika mwaka 1871 akakwama miezi mitatu hivi kwa sababu ya vita vya Mirambo. Wapagazi waliotoka Bagamoyo walilipwa hapa, wengine wakaandikwa kwenda Ujiji, na mizigo ikangoja. Baba mdogo, asiyependa sana historia, alisema kwamba kumbe Unyanyembe ulikuwa sailensi ya msafara: unasimama lakini huzimi. Tulimcheka, lakini mwalimu aliandika neno hilo katika daftari lake.

Pale Kwihara aliliacha Kombi linanguruma chini ya mti kwa makusudi, robo saa nzima, huku sisi tukizunguka vyumba vyenye kuta nene za udongo. Kila tulipotoka nje tulisikiliza. Lilikuwa linanguruma.

Huenda msomaji ambaye kwao kuna HiAce ya siku hizi ataona kwamba habari hii haimhusu. Gari hilo halina kabureta. Petroli hupulizwa kwa nozeli na kompyuta ndogo hupima hewa. Lakini kipepeo kipo, na chini yake ombwe lipo, na mipira ipo. Kwa magari hayo wezi wakubwa wa sailensi ni uchafu mweusi ulioganda kwenye kipepeo, na ile valvu ndogo inayopitisha hewa ya kupumzikia kushikwa na uchafu huo huo. Kusafisha mara nyingi hutosha. Mpira uliopasuka hufanya huko jambo lile lile unalolifanya kwenye Kombi, na hosi ya haidrovaki ikivuja hufanya hivyo pia. Kuijua ni rahisi: injini ikitetemeka, ibane hosi hiyo kwa koleo lililofungwa kitambaa. Ikitulia, umemkamata. Usisahau kuiachia kabla ya kuondoka.

Mabati ya baba mdogo yamekwisha kuezekwa. Lile tambuka-reli analipita kila juma, na bado akifika hapo huweka gia ya kwanza na hainui mguu mpaka magurudumu ya nyuma yashuke.